Kirusi cha maabara kutibu saratani ya utumbo mpana: kimefika wapi, na mama aanzie wapi

Swali: Mama yangu ana miaka 58. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, kisha akapewa dripu za tibakemikali kwa miezi sita. Sasa kipimo cha CT kimeonyesha vivimbe vitatu kwenye ini. Mtandaoni tumepata kliniki ya nje inayosema ina virusi vilivyotengenezwa maabara, vinavyokula seli za saratani tu na kuziacha seli nzima, yaani zenye afya. Wanataka dola 24,000, na wako tayari kututumia dawa kwa ndege ndani ya boksi la barafu achomewe huku. Familia inataka kuuza kiwanja. Je, tiba hii ipo kweli?

Jibu:

Pole sana kwa kuuguza. Tiba ya virusi dhidi ya saratani ipo, imesajiliwa katika nchi kadhaa, na watafiti makini wanaishughulikia. Ila kwa saratani ya utumbo mpana bado iko kwenye majaribio: si Marekani, si Ulaya, si Japani wala China ambako kuna kirusi kilichoruhusiwa kuuzwa kama dawa ya ugonjwa huu. Kwa hiyo kiwanja kisiuzwe kwa ajili hiyo. Halafu kuna jambo kwenye swali lako linalonihangaisha kuliko virusi, nalo ni hivyo vivimbe vitatu vya ini. Nitalifikia, na tafadhali usiishie njiani kabla hujalisoma.

Tuanze na namna kirusi kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo wauzaji wanapopotosha.

Wazo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1971 madaktari Bluming na Ziegler, waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa limfoma Kampala, waliripoti katika jarida la Lancet habari za mtoto wa miaka minane mwenye limfoma ya Burkitt kwenye tundu la jicho. Alipougua surua, uvimbe ukanywea. Kirusi cha surua cha kawaida, bila kufanyiwa lolote, kilikuwa kimeigusa saratani. Lakini huwezi kumwambukiza mgonjwa surua kwa makusudi ukatarajia mema, hivyo kazi ya miaka iliyofuata imekuwa kutafuta kirusi kinachoshindwa kuzaliana kwenye seli nzima na kustawi kwenye seli ya saratani.

Mfano unaoeleweka vizuri ni T-VEC, iliyoruhusiwa Marekani Oktoba 2015 kwa melanoma, saratani ya ngozi. Ni kirusi cha hepesi aina ya 1, kilekile kinacholeta malengelenge ya mdomoni, kikiwa kimeondolewa jeni mbili na kuongezewa moja. Jeni ya kwanza iliyoondolewa inaitwa ICP34.5. Seli nzima ikihisi imevamiwa huzima mitambo yake ya kutengeneza protini, hata kama ni kwa gharama ya kufa, ili kirusi kikose mahali pa kuzaliana. Kirusi cha asili hutumia ICP34.5 kuiwasha mitambo hiyo tena. Kikinyang'anywa jeni hiyo, kinakwama ndani ya seli nzima. Seli nyingi za saratani zimekwisha kupoteza kengele hiyo ya hatari, kwa hiyo ndani yake kirusi kinaendelea kuzaliana hadi seli inapasuka. Jeni ya pili, ICP47, humsaidia mvamizi kujificha mbele ya kinga. Imeondolewa ili kinga ione kinachoendelea. Kilichoongezwa ni jeni ya binadamu inayotengeneza GM-CSF, protini inayoita seli za kinga zije pale uvimbe ulipo.

Hivyo basi maneno "vinakula seli za saratani tu" si sahihi. Kirusi huingia hata kwenye seli nzima. Tofauti ni kwamba humo hakizaliani vya kutosha. Na kazi kubwa pengine si ya kupasua seli hata kidogo. Uvimbe wenye ujazo wa sentimita moja una seli kati ya milioni 100 na bilioni 1, wala kirusi hakizifikii zote. Kinachotakiwa ni seli chache zipasuke kwa kelele, zimwage vipande vyake, seli za kinga zivibebe hadi kwenye tezi za limfu, na seli T, yaani askari wa kinga wanaoua seli mbovu, zijifunze kuitambua saratani popote ilipo mwilini. Kinga ikikataa kuamka, matokeo huwa madogo hata kama kirusi kimefika.

Familia nyingine za virusi zina mbinu zake. Vaccinia, kirusi cha chanjo ya zamani ya ndui, huondolewa jeni ya kimeng'enya cha thymidine kinase. Bila kimeng'enya hicho hakiwezi kutengeneza DNA yake, ila ndani ya seli inayogawanyika kwa kasi, kama ya saratani, hukikuta kimejaa tele. Kwa virusi vya adeno, ambavyo kwa kawaida huleta mafua, watafiti wamefanya jambo ambalo kwangu ndilo la werevu zaidi: walichanganya aina kadhaa pamoja, wakazipitisha tena na tena kwenye seli za saratani ya utumbo mpana maabara, wakachagua kilichoshinda. Kilichopatikana ni chotara wa aina ya 11 na ya 3, kikapewa jina enadenotucirev. Hicho kilizaliwa kwa ajili ya utumbo hasa.

Sasa matokeo kwa wagonjwa wa utumbo.

Leeds, Uingereza, wagonjwa 10 waliokuwa wakisubiri kukatwa vivimbe vya ini vilivyotoka utumboni walipewa kirusi cha reo kwa dripu kabla ya upasuaji. Hiki ni kirusi cha asili, hakikubadilishwa jeni. Vivimbe vilipotolewa, kirusi kilikutwa ndani yake kwa wagonjwa 9, ijapokuwa damu zao zilikuwa na kingamwili dhidi yake. Kilikuwa kimepanda juu ya seli za damu na kubebwa. Habari hiyo, ya 2012, ilitia moyo sana, kwa sababu ilionyesha njia ya mshipa inawezekana.

Kisha wagonjwa 103 wakagawanywa kwa kura: wote walipata dawa za kawaida, yaani tibakemikali iitwayo FOLFOX pamoja na bevacizumab, nusu wakaongezewa kirusi hicho. Waliopata kirusi, vivimbe vilipungua kwa asilimia 53 yao. Wenzao ni asilimia 35. Ukiishia hapo unapiga vigelegele. Lakini ugonjwa ulianza tena kusonga mbele baada ya miezi 7 kwa waliopata kirusi, na baada ya miezi 9 kwa wasiokipata. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba wagonjwa wa kundi la kirusi walipata kiasi pungufu cha dawa zile za kawaida. Huenda faida ya kirusi ililiwa humohumo. Kumbuka jambo hili mtu akikuambia "haina madhara, mnaweza kuitumia pamoja na tibakemikali."

Pexa-Vec, vaccinia yenye GM-CSF, ilijaribiwa Korea Kusini kwa wagonjwa 15 wa utumbo ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa, kwa dripu kila baada ya siku 14. Walivumilia vizuri. Kwa 10 kati yao ugonjwa ulitulia kwa muda, na hakuna aliyepungua uvimbe kwa kiwango kinachohesabika. Kirusi hichohicho kilipopelekwa kwenye jaribio kubwa la saratani ya ini lenyewe, la wagonjwa 459, jaribio lilisimamishwa 2019 kwa kuwa dalili za faida hazikuwepo. Na yule chotara enadenotucirev, alipounganishwa na nivolumab, dawa inayoamsha kinga, kwa wagonjwa 51, wengi wao wa utumbo, waliopungua uvimbe walikuwa asilimia 2. Kuna pia waliojaribu kumimina kirusi cha hepesi kiitwacho NV1020 moja kwa moja kwenye mshipa wa ateri wa ini. Kilionekana salama, lakini hakikufika hatua ya kulinganishwa na dawa za kawaida kwenye jaribio kubwa.

Kwa nini melanoma iitikie na utumbo ugome? Sehemu moja ni njia ya kufika. Kivimbe cha ngozi unakiona, unakichoma sindano: T-VEC huanza na chembe hai milioni 1 kwa mililita, hadi mililita 4, baada ya wiki tatu hupandishwa kuwa milioni 100 kwa mililita, kisha kila baada ya wiki mbili. Dozi ya kwanza huwa ndogo makusudi ili mwili usiowahi kukutana na hepesi ujizoeze. Hata huko kwenye ngozi, ambako hali ni rahisi, waliopata nafuu iliyodumu angalau miezi sita ni asilimia 16.3, ukilinganisha na 2.1 ya waliopewa GM-CSF peke yake. Sasa vivimbe vya ini huvichomi kwa macho. Ukivichoma kwa kuongozwa na ultrasaundi unagusa hicho kimoja, na ukipitisha kirusi kwenye mshipa kinazimuliwa ndani ya lita tano za damu, kinakamatwa na kingamwili, na kinachobaki kinamezwa na seli walinzi wa ini, hasa kikiwa cha adeno. Ndiyo maana dozi za adeno za mshipani huhesabiwa kwa matrilioni.

Kingamwili ni suala linalotuhusu kwa namna ya pekee. Kirusi cha adeno aina ya 5, ambacho maabara nyingi hukipenda kwa urahisi wake, kimeenea sana Afrika kusini mwa Sahara, kiasi kwamba watu wazima wengi wamekwisha kukutana nacho utotoni na wana kinga dhidi yake. Na mama mwenye miaka 58 alizaliwa kabla ndui haijatokomezwa. Angalia mkono wake kama ana kovu la chanjo. Akiwa nalo, damu yake huenda bado inaikumbuka vaccinia. Haimaanishi kirusi hakitafanya kazi kabisa, ila kliniki isiyouliza wala kupima hilo haijui inachokifanya.

Sehemu ya pili ni uvimbe wenyewe. Saratani nyingi za utumbo zimejijengea nyama ngumu ya nyuzinyuzi kuzunguka seli zake, na msukumo ndani ya uvimbe huwa mkubwa, hivyo kirusi kikifika kinaishia pembeni. Tena uvimbe wa aina hiyo kinga huwa haiushughulikii kabisa. Seli T hazimo ndani. Watafiti wanataka kirusi kiwashe moto humo ili dawa za kinga zipate pa kushika. Nadhani njia hiyo ina mantiki, na kama kirusi kitakuja kuwa tiba ya utumbo, kitakuja kikiwa pamoja na dawa nyingine.

Boksi la barafu. Hapa sina cha kupima pande mbili. T-VEC huhifadhiwa kwenye nyuzi kati ya −90 na −70 za Selsiasi. Barafu ya maji ni nyuzi 0. Barafu kavu, yaani kabonidayoksaidi iliyogandishwa, ni kama nyuzi −78, na hiyo inapungua njiani kila saa, kwa hiyo mzigo halali huwa na kifaa kinachoandika joto tangu unafungwa hadi unafunguliwa. Kirusi cha hepesi kilichoyeyuka hakirudishwi kugandishwa. Kichupa kikikaa forodhani siku mbili ndani ya boksi la barafu, hujui tena kama utakachomchoma mama ni dawa au ni maji yenye mabaki ya virusi vilivyokufa, na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Hata dawa yenye usajili imewahi kuangukia hapo: Rigvir ya Latvia, kirusi cha asili kilichosajiliwa 2004 na kutangazwa sana kwa wagonjwa wa nchi za nje, usambazaji wake ulisimamishwa 2019 baada ya vipimo kuonyesha kiasi cha virusi kichupani hakifikii kilichoandikwa. Zaidi ya hayo, kirusi hai kilichobadilishwa jeni hakiingizwi nchini kama kifurushi cha viatu. Kinahitaji kibali cha mamlaka ya dawa, ambayo Tanzania ni TMDA na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, pamoja na kibali cha usalama wa kibayolojia. Muuguzi atakayekubali kukichoma bila vibali anajiweka hatarini yeye na wagonjwa wengine wodini.

Madhara pia yatajwe. Saa chache baada ya dozi mgonjwa hupata homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya mwili, na kwa dozi za mshipani shinikizo la damu laweza kushuka. Ndiyo maana hulazwa akiangaliwa. Vaccinia inaweza kutoa vipele vyenye usaha. Kwa T-VEC kidonda hufunikwa, wanaomhudumia huvaa glovu, na mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu hatakiwi kukigusa. Yenyewe hairuhusiwi kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, na anayeishi na VVU lazima aseme mapema, kwani majaribio mengi yana masharti juu ya hilo. Tena mgonjwa aliyetoka kwenye tibakemikali akipata joto la 38 au zaidi ni dharura: hospitali siku hiyohiyo, kipimo cha damu kamili, na kipimo cha malaria kama mnaishi penye malaria. Kliniki ya mbali ikikwambia kwa simu "homa ni dalili kwamba dawa inafanya kazi", mama anaweza kufa kwa maambukizi ya damu huku mkisubiri.

Sasa ini. Saratani ya utumbo iliyosambaa kwenye ini tu, vivimbe vichache, ni miongoni mwa hali chache za saratani iliyosambaa ambazo bado mtu anaweza kupona kwa kisu. Kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri wakakatwa vivimbe vyote, takriban 4 kati ya 10 wako hai baada ya miaka mitano. Hakuna kirusi kilichokaribia hapo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari wenu liwe: je, daktari bingwa wa upasuaji wa ini ameziona picha za CT zenyewe? Ziombeni kwenye diski, si karatasi ya majibu pekee. Atataka kujua kama kifua na fumbatio ni safi, vivimbe vimekaa karibu na mishipa ipi, na ini litakalobaki litakuwa kiasi gani: angalau asilimia 20 kwa ini lenye afya, na karibu 30 kwa ini lililopitia tibakemikali ndefu. Kama kisu hakifai kwa kivimbe kimoja kilicho kidogo, kuna kukiunguza kwa sindano ya mawimbi.

Hapa kosa linalojirudia ni kuongeza mizunguko ya dawa bila mpango, "tuone kwanza". Dawa za tibakemikali zenyewe huligusa ini: oxaliplatin huumiza mishipa yake midogo, irinotecan hulijaza mafuta, na vivimbe vikinywea hadi kutoonekana kwenye CT daktari wa upasuaji hajui tena akate wapi, ilhali seli hai mara nyingi bado zimo. Upasuaji ukipangwa, dawa husimamishwa wiki kama nne kabla.

La pili ni nyama iliyotolewa mwaka jana. Maabara ya patholojia iliihifadhi ndani ya kipande cha nta, na kipande hicho ni mali ya maana sana sasa. Ombeni kipimwe protini nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Hata moja ikikosekana, saratani ni ya aina inayoitikia dawa za kinga. Hao ni kama asilimia 5 ya wenye ugonjwa uliosambaa, ila akiwa mmoja wao kila kitu kinabadilika: katika jaribio la KEYNOTE-177, pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizo za kinga, iliuzuia ugonjwa kwa miezi 16.5, tibakemikali miezi 8.2. Ni ghali, lakini kama ni kuchangishana, hapo fedha inakwenda kwenye kitu kilichothibitishwa. Kipande hichohicho kipimwe jeni za RAS na BRAF, kwa kuwa majibu yake huamua kama cetuximab, dawa nyingine ya saratani ya utumbo, ina maana kwake au ni kumtesa bure. Hospitali isipokuwa na vipimo hivyo huweza kutuma kipande nje. Hakikisheni kina lebo yenye namba ya maabara na nakala ya ripoti ya awali, kwa sababu vipande visivyo na karatasi hupotea.

Mkifanya hayo yote na bado mkataka kirusi, njia iliyo salama ni jaribio la kitabibu lililosajiliwa. Tafuteni kwenye ClinicalTrials.gov au sajili ya Afrika, PACTR, mkijua kwamba kusajiliwa si kuidhinishwa. Hata wauzaji hujiandikisha humo. Jaribio la kweli kwa kawaida halikuuzii kirusi. Litataka mama awe anajimudu shughuli zake, bilirubini na chembe sahani za damu ziwe sawa, awe tayari kutolewa kinyama kabla na baada ya dozi, na akae karibu na kituo kwa majuma kadhaa. Nauli na malazi ndiyo mzigo wenu.

Kwa ile kliniki, waandikieni maswali matano na mdai majibu kwa maandishi. Kirusi kinaitwaje, na ni jeni zipi zimeondolewa au kuongezwa? Dozi ni chembe hai ngapi, zimepimwa na maabara gani, lini? Namba ya usajili wa jaribio na barua ya kamati ya maadili ziko wapi? Wagonjwa wangapi wa utumbo wametibiwa, na matokeo yamechapishwa jarida gani? Mama akizidiwa usiku baada ya dozi, ni daktari gani, wa hospitali gani, atakayempokea? Wakijibu kwa video za shuhuda au kwa punguzo la bei, msilipe hata amana.